Majani ya Msimbati si Mwani

Katika madarasa yetu ya biolojia, mimea itoayo maua hugawanywa kwa ushahidi wa punje mbili ambazo hazijabadilika tangu enzi za wazazi wetu: hindi upande mmoja na haragwe upande wa pili. Haragwe hupasuka vipande viwili, hindi halipasuki. Mwanafunzi huandika daikotiledoni (zenye majani mawili ya mbegu) hapa na monokotiledoni (zenye jani moja) pale, hufanya mtihani, kisha husahau. Hapa Mtwara hata haragwe halihitajiki, kwa kuwa kila aliyewahi kubangua korosho ameushika ushahidi huo mkononi. Kiini cha korosho kikigawanyika katikati, jambo linaloshusha daraja na bei yake, vipande vile viwili ndiyo majani mawili ya kwanza ya mche, yaliyonenepeshwa kwa akiba ya chakula. Mnazi uliosimama jirani na mkorosho huo una jani moja tu la mbegu, na jani hilo, nazi inapoanza kuota, huvimba ndani ya kifuu na kuwa lile joya laini wanaloligombania watoto.

Sina ugomvi na hindi wala haragwe. Ninachokilalamikia ni kwamba mwanafunzi wa Msimbati, Mikindani au Kilwa Kivinje hufundishwa monokotiledoni kwa mche wa mahindi uliochorwa ubaoni, kisha hutoka darasani akashuka pwani maji yakiwa yamekupwa, akakanyaga monokotiledoni zenye historia ya ajabu kuliko hindi lolote, asijue. Hakuna aliyemwambia kwamba yale majani ya kijani yaliyolala juu ya mchanga yana mizizi na mishipa, na kwamba yanachanua na kuzaa matunda. Yeye na wazazi wake huyaita majani tu, na wakati mwingine huyatia katika fungu moja na mwani. Katika maandishi rasmi yanaitwa nyasi bahari. Majina yote matatu yana kasoro, lakini la mwani ndilo lenye gharama.

Mwani unaolimwa kwa vigingi na kamba katika vijiji vya pwani ya Lindi na Mtwara, ule unaoitwa spinosamu na ule unaoitwa kotonii, ni mwani mwekundu. Hauna mzizi, kinachoushikilia ni taitai, kile kikamba cha kufungia, cha mkulima. Hauna mishipa ya kupitishia maji, kwa sababu kila sehemu ya mwili wake hujinywea yenyewe kutoka baharini, na ukoo wake haujawahi kutoa ua. Ulitengana na ukoo wa mimea ya kijani zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na mababu wa mwani huo tunaoulima hawajawahi kuonja maisha ya nchi kavu. Nyasi bahari, kinyume chake, ni mhamiaji aliyerudi. Mababu zake walikuwa mwani wa kijani wa majini ambao walipanda nchi kavu yapata miaka milioni 470 iliyopita, wakaishi huko muda mrefu mno, wakajipatia mishipa, mizizi, ngozi ya nta, mbegu na hatimaye maua, na baada ya kuyapata yote hayo baadhi yao wakageuka na kuteremka tena hadi kwenye maji ya chumvi. Hilo lilianza katika zama za Kretasia, dainosaria wakiwa bado wanatembea.

Safari hiyo wachache sana waliiweza. Katika mimea ya maua inayojulikana duniani, ambayo ni zaidi ya spishi 300,000, zinazoishi na kuzaliana zikiwa zimezama baharini ni kama 70 tu. Zote ni monokotiledoni, na zote ni za oda moja, yaani kundi moja la familia za mimea, iitwayo Alismatales. Uchambuzi wa DNA umeonyesha kwamba hata hizo chache hazikushuka kwa pamoja: zilishuka angalau mara tatu, kila ukoo kwa wakati wake na kwa njia yake. Katika ufuko mmoja wa Msimbati mtu anaweza kuzikuta njia mbili kati ya hizo zikiwa zimekutana. Thalassia hemprichii, yenye majani mafupi yaliyopinda kidogo kama mundu, ni ya familia ya Hydrocharitaceae. Thalassodendron ciliatum, yenye shina gumu linalokaribia ugumu wa mti na kishungi cha majani juu yake, ni ya Cymodoceaceae. Zinaota karibu karibu, zina majani ya utepe na mashina tambazi yanayofanana, na mgeni angeapa kwamba ni ndugu wa tumbo moja, ilhali kila moja ilijifunza bahari peke yake. Ukitaka mfano wa viumbe wa asili tofauti kufinyangwa na mazingira yaleyale hadi wakafanana, huhitaji kufunga safari ya mbali.

Jina la nyasi nalo linapotosha, ingawa kwa namna isiyo na madhara makubwa. Nyasi za kweli, yaani ukoo wa mtama, mpunga, muwa na mianzi, ziko katika oda nyingine kabisa. Ndugu wa karibu zaidi wa nyasi bahari ambaye msomaji wa Lindi amewahi kumla ni gimbi, kwa kuwa familia ya magimbi imo ndani ya Alismatales. Hapo napenda kumkumbuka nguva, mnyama ambaye siku hizi ni bahati kumwona hata kule kwenye maji ya Rufiji na Mafia alikosalia. Nguva ni mamalia ambaye mababu zake waliishi nchi kavu, na ndugu yake wa karibu aliyebaki huko ni tembo. Kwa hiyo nguva anapolisha chini ya bahari, jamaa wa tembo anakula jamaa wa gimbi, na wote wawili ni wahamiaji waliorudi.

Kurudi kulikuwa na bei. Mwaka 2016 jopo la wanasayansi lilichapisha katika jarida la Nature jenomu ya Zostera marina, spishi ya maji ya baridi ya kaskazini mwa dunia, na kilichosisimua zaidi katika orodha ile ya jeni kilikuwa mapengo yake. Jeni zinazotengeneza stomata, vile vitundu vya jani vinavyofunguka na kufunga ili mmea upumue bila kukauka, hazimo. Jeni za kutengeneza harufu za kuwaita wadudu na kuwafukuza walaji zimepungua mno. Hata jeni za etilini zimetoweka. Etilini ndiyo ile gesi inayofanya kazi mkungu wa ndizi unapovundikwa: gesi inayotolewa na ndizi inafungiwa na majani makavu, inawapa ndizi jirani taarifa, na mkungu mzima unaiva. Mmea wa nchi kavu unaitegemea gesi hiyo kama mjumbe wa mambo mengi, lakini majini gesi husambaa kwa kasi ndogo mara elfu kumi hivi kuliko hewani, na mjumbe asiyeweza kutembea hana kazi. Mmea ukamwacha, na kilichofutika katika jenomu kwa mamilioni ya miaka hakiandikwi tena kwa sababu mazingira yamebadilika.

Huo ndio mzizi wa hoja yangu. Mkoko unaweza kuishi na miguu majini na kichwa hewani. Matete ya mtoni nayo vivyo hivyo. Nyasi bahari imechoma mashua yake. Haina tena ngozi nene ya kuzuia kukauka wala vitundu vya kupumulia hewani, na maji yakikauka juu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyozoea, hufa. Maji yakichafuka, haina pa kwenda.

Ilichopata badala ya vilivyopotea kinastahili kutazamwa kwa makini, hasa na wakulima wa mwani. Kuta za seli za Zostera zina sukari ndefu zilizounganishwa na salfeti, vitu ambavyo mimea ya nchi kavu kwa kawaida haina na ambavyo husaidia seli kuhimili chumvi. Karajinani, ile bidhaa ambayo kwa ajili yake mwani wetu hukaushwa na kusafirishwa nje ya nchi, ni sukari ya aina hiyohiyo yenye salfeti. Mmea uliokaa nchi kavu kwa mamia ya mamilioni ya miaka uliporudi ukakuta kwamba chumvi ina masharti yaleyale ambayo mwani ulikwisha kuyatimiza zamani, nao ukayatimiza kwa njia yake.

Chini ya mchanga kuna kazi nyingine. Anayechimba chaza hulijua tope jeusi lililoko chini kidogo ya mchanga mweupe, lenye harufu ya yai viza. Harufu ile ni ya salfaidi, sumu kwa mizizi, inayozalishwa na bakteria mahali pasipo na oksijeni. Nyasi bahari huishi humo kwa sababu majani, shina tambazi na mizizi yake vimeunganishwa na mifereji ya hewa, na oksijeni inayotengenezwa na jani mchana huteremshwa hadi kwenye ncha za mizizi na kuvuja kidogo nje, ikiizuia salfaidi isiingie. Mtambo huo unaendeshwa na mwanga. Maji yakijaa udongo uliosombwa na mvua kutoka mashambani, jani halipati mwanga wa kutosha, oksijeni hupungua, na mmea hutiwa sumu kutokea chini, ingawa mtazamaji wa juu huona majani yamenyauka tu na kulaumu jua.

Sasa nije kwenye maua, ambako ningeweza kukaa siku nzima. Asubuhi moja ya bamvua, kama saa nne, maji yakiwa yamekimbia mbali kabisa, nilimkuta bibi mmoja wa Msimbati akichokoa pweza na fimbo yake ya chuma, ndoo ubavuni. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba bila kuinua uso, nami nikamwuliza jina la majani marefu aliyokuwa ameyakanyaga, yanayofika kiunoni kwa mtu mzima yakisimamishwa. "Majani tu, mjukuu wangu," akasema. Kisha akafikiri kidogo. "Lakini haya yana tunda." Akapapasa kwenye shina, akavuta kikonyo kirefu kilichojizungusha kama springi, na mwishoni mwake palikuwa na tunda la ukubwa wa yai dogo la kuku, limefunikwa vinyweleo vyeusi. Alilipasua kwa ukucha wa dole gumba. Ndani mlikuwa na mbegu kadhaa za kijani, zimebanana kama magego.

Mmea ule ni Enhalus acoroides, mkubwa kuliko nyasi bahari zote za pwani yetu, na ndio unaoonyesha wazi kuliko wote kwamba safari ya kurudi baharini haikukamilika kwa kiwango kimoja kwa kila msafiri. Nyasi bahari nyingine huchavushana chini ya maji. Chavua za Thalassodendron na jamaa zake si punje za mviringo kama vumbi la njano la ua la boga. Ni nyuzi ndefu nyembamba zinazoelea na mkondo hadi zinaswe na stigma, sehemu ya ua la kike inayopokea chavua, na zimelitupa ganda gumu linalozilinda chavua za nchi kavu zisikauke, kwa kuwa hakuna kukauka. Katika Thalassia testudinum ya Mexico watafiti walionyesha mwaka 2016 kwamba hata vidudu vidogo vya jamii ya kamba na minyoo hubeba chavua kutoka ua hadi ua usiku, jambo ambalo wengi hawakulitarajia, maana vitabu vilikuwa vimekwisha kufunga mjadala kwamba baharini hakuna nyuki.

Enhalus haikukubali kuzamisha ndoa yake. Maua yake ya kiume, madogo kama chenga za mchele na meupe kama hizo, hukatika yenyewe kutoka kwenye kifuko kilicho karibu na tope, yakapanda juu yakielea na kutawanywa na upepo juu ya uso wa maji. Ua la kike husubiri mwishoni mwa kikonyo kirefu. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi ua hilo likafika juu, petali zake ndefu zilizokunjamana hutandazwa kwenye uso wa maji, na kwa kuwa hazilowi, zile chenga za kiume zinazopita huteleza na kukusanyika kwake. Maji yakianza kujaa, petali hujifunga na chavua zikiwa ndani. Baada ya hapo kikonyo hujizungusha na kulivuta tunda chini, na huo ndio mzunguko aliouvuta bibi yule. Jamaa wa Enhalus wa maji yasiyo na chumvi, Vallisneria, ana desturi inayofanana sana na hiyo, na huenda Enhalus imebeba baharini desturi za ziwani. Desturi hiyo huifunga isiishi kwenye kina kirefu, kwani ua lisilofika juu halizai.

Thalassodendron imejitatulia tatizo jingine, la mbegu kusombwa kabla ya kushika mahali. Haiachi mbegu, mche huotea kwenye mmea mama, ukakulia pale hadi uwe na majani yake, ndipo uachane naye. Mkoko nao hufanya hivyo, kama anavyojua kila mtu aliyeona miche yake mirefu ikining'inia kama mishumaa kwenye delta ya Ruvuma. Mkoko ni daikotiledoni, jamaa wa mbali kabisa, na wawili hao wamefikia ujanja mmoja kila mmoja kwa wakati wake.

Lipo pia swali kubwa linalowagawa wataalamu tangu mwishoni mwa karne ya 19: je, monokotiledoni zote, mnazi na mtama vikiwamo, zilitokana na mmea wa majini? Hoja inavutia. Shina la monokotiledoni halina ile pete ya tishu inayonenepesha mti mwaka hadi mwaka, mishipa yake imetawanyika, na mzizi mkuu hufa mapema ukaachia mizizi mingi midogo. Hayo yote ni mambo yanayotarajiwa kwa mmea unaobebwa na maji. Tena Alismatales ni tawi la zamani sana katika mti wa ukoo, na linalolitangulia, Acorus, nalo hupenda kinamasi. Hata hivyo mayungiyungi, ambayo si monokotiledoni, yalipoteza mambo mengi kama hayo kwa kuishi majini, kwa hiyo kufanana peke yake hakuthibitishi undugu. Mimi naegemea upande wa kinamasi: babu mwenye miguu kwenye tope na majani hewani. Mmea wa aina hiyo ungeweza kupata wajukuu wanaokwenda pande zote mbili.

Tukirudi kwenye gharama ya jina, spinosamu hupandwa na kuvunwa kwa muda wa wiki sita hivi. Mwani ukiharibika, mkulima huumia kwa msimu, kisha hufunga mbegu nyingine kwenye kamba. Shina tambazi la Enhalus husogea sentimita chache tu kwa mwaka, na la Halophila ovalis, ile yenye vijani vidogo kama kucha, huweza kupita mita moja kwa mwaka. Kwa hiyo "majani yataota tena" ni sentensi ya kweli au ya uongo kutegemea majani gani. Palipong'olewa Enhalus, kijani kinachoonekana mwaka unaofuata huenda ni Halophila, kama vile msitu uliokatwa unavyovikwa magugu. Zaidi ya hayo, shamba kubwa huweza kuwa mmea mmoja uliojitambaza: mwaka 2022 watafiti wa Shark Bay, Australia, walieleza kuhusu mmea mmoja wa Posidonia australis ulioenea kwa kilomita 180, na wakakadiria umri wake kuwa miaka 4,500 angalau. Anayefikiri kwa mantiki ya mwani hawezi kuona kosa la kufyeka mmea wa namna hiyo ili kupata nafasi ya vigingi.

Na hufyekwa. Katika mashamba ya mwani ni kawaida kung'oa majani yaliyoko chini ya kamba kwa sababu yanaonekana kama magugu, na utafiti uliofanywa Zanzibar ulionyesha kwamba chini ya mashamba hayo nyasi bahari huwa chache kuliko nje yake, kwa kukanyagwa, kung'olewa na kutiwa kivuli. Sisemi kilimo hicho kikome. Kinawapa wanawake wengi wa pwani hii fedha yao wenyewe, na asiyekuwa na njia mbadala ya kuwapa hana haki ya kuwahubiria. Ninachosema ni kwamba mahali pa kupiga kigingi pachaguliwe kwa kuijua mimea: mchanga mtupu uwe wa kwanza, mashamba ya Halophila yafuate kwa kuwa yanajirudi haraka, na Enhalus na Thalassodendron viachwe. Kamba zinazoelea kwenye maji ya kina zinaondoa ugomvi huo kwa sehemu kubwa, na zinaukinga mwani na joto la maji mafupi, ingawa zinadai chombo na ujuzi wa kuogelea ambao wanawake wengi hawakufundishwa.

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi. Tangu mwaka 2022 Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 1 Machi kuwa siku ya nyasi bahari duniani, na hotuba za siku hiyo huzungumzia zaidi kaboni inayozikwa kwenye matope yake. Kaboni ina haki yake, lakini kwa mvuvi wa Msimbati ni jambo la mbali. Tafi anayekula majani hayo, na changu wanaokulia humo wakiwa wadogo, ni jambo la chungu cha jioni. Laiti mimi ningepewa dakika kumi na watoto wa shule siku hiyo, ningeomba ziwe saa ya bamvua, nisiwaonyeshe ubao.

Bibi alizitupa zile mbegu majini, akachukua ndoo yake na kusogea mwambani, maana maji yalikuwa yameanza kurudi. Mbegu zilizama palepale. Za Enhalus hazina usingizi wa kusubiri msimu kama mbegu za shambani. Zikikuta mchanga uliotulia huanza kuota siku zilezile.